Chunusi Hana Sura: kisa cha efekti zilizobomolewa na kujengwa upya

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki ni cha filamu fupi ya dakika 19 iliyopigwa katika mwambao wa Tanzania. Majina ya watu, kijiji na filamu yenyewe nimeyaondoa, na mambo madogo machache nimeyabadili ili wahusika wasitambulike. Ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa efekti za picha, yaani vitu vinavyoongezwa au kufutwa kwa kompyuta baada ya kupiga, kwa hiyo makosa mengi yaliyomo humu ni yangu.

Mazingira ya kazi

Hadithi ni ya ndugu wawili wavuvi. Mdogo anachukuliwa na chunusi, mkubwa anarudi baharini kumfuata. Kwa msomaji wa bara asiyemjua chunusi: ni kiumbe cha majini kinachosemwa kuwavuta watu chini hadi wafe maji. Vijiji vingi vya pwani vina pahali panapoogopwa kwa ajili yake, na kila bibi ana namna yake ya kumsimulia.

Pesa zilitoka kwenye ruzuku ndogo. Tulikuwa watu 9. Mwongozaji alikuwa dada aliyezoea matangazo ya biashara, na skripti aliiandika mwenyewe. Tulikuwa na kamera ndogo ya picha inayorekodi pia video, droni moja, kitambaa cha kijani cha mita 3 kwa 6, kompyuta moja yenye kadi moja ya picha, na programu ya Blender ya kutengenezea picha za kompyuta, ambayo ni ya bure na inatosha kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kijana mmoja alinisaidia kukata picha kwa mkono, fremu kwa fremu, yaani moja moja katika zile picha zinazounda video.

Orodha ya kwanza ilikuwa na shoti 31 za efekti. Chunusi wetu, kwa mujibu wa michoro ya mwongozaji, alikuwa joka lenye kichwa cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, linaloinuka kutoka majini hadi juu ya mlingoti wa mashua. Nilipoiona michoro hiyo sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa na hamu ya kulitengeneza joka kuliko mtazamaji yeyote angekuwa na hamu ya kuliona, na hilo nililijua baadaye sana.

Siku za kupiga picha zilikuwa 6, msimu wa kusi. Mwongozaji aliuchagua msimu huo makusudi kwa sababu ya mawimbi na tanga lililojaa upepo. Hakuna aliyekaa akafikiria upepo huo utatufanyia nini sisi wenye kitambaa.

Yaliyotokea

*Siku ya kitambaa*

Wiki mbili kabla ya safari niliwaonyesha wenzangu joka likigeuza kichwa kwenye usuli mweusi. Walipiga makofi. Kitu chochote kinapendeza kwenye usuli mweusi: hakuna jua la kulinganisha, hakuna maji ya kugusa, hakuna mtu wa kusimama kando yake.

Siku ya pili ya lokesheni tulisimamisha kitambaa kwenye fungu la mchanga wakati maji yamekupwa. Mpango ulikuwa mwigizaji asimame mbele yake na wavu begani, nasi tuweke bahari na joka nyuma yake. Upepo ulikishika kitambaa ukakifanya tanga. Watu wanne walishikilia milingoti yake, na bado kilipiga mikunjo, kila mkunjo na kivuli chake, hadi kijani kikawa vijani kumi. Maji yalipoanza kujaa tulikuwa tumepata shoti mbili kati ya saba.

Shida kubwa tuliiona usiku. Wavu ulikuwa wa kijani. Ni nyavu za nailoni ambazo kila mtu anaziona ufukweni kila siku, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeiona rangi yake. Nilipoiamuru programu iondoe kijani, iliondoa na wavu, na mwigizaji akabaki ameinama chini ya mzigo usiokuwepo.

Hata wavu ungekuwa mweupe tungepata tabu. Kijani hupendwa kwa kazi hii kwa sababu kihisi cha kamera ya kidijitali kina vijicho vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu, kwa hiyo rangi hiyo hurekodiwa kwa usafi zaidi. Lakini kamera yetu, kama nyingi za bei yake, ilihifadhi video kwa kubana rangi: katika kila kikundi cha vitone vinne, mwanga uliandikwa mara nne na rangi mara moja tu. Jicho la mtu halioni hasara hiyo. Programu ya kukata kijani inaiona mara moja, kwa kuwa haina kingine inachosoma ila rangi. Matundu ya wavu na nywele za pembeni vilitoka na ngazi ngazi, kama vimekatwa kwa mkasi butu.

Tulikikunja kitambaa. Shoti tano zilizobaki tulizipiga hivyo hivyo, bahari halisi nyuma ya mwigizaji, tukijua kwamba yule kijana atakaa wiki nzima akimkata kwa mkono. Kwa fremu 24 kila sekunde, sekunde 6 ni fremu 144. Alizimaliza, na tangu siku hiyo hataki kusikia neno wavu.

*Joka lililofungwa mlingotini*

Siku ya tatu na ya nne tulikuwa ndani ya mashua, kamera begani. Picha zilikuwa nzuri sana: tanga, demani (kamba ya tanga) imekaza, maji yanaruka juu ya ubavu. Nilirudi mjini nikiwa na furaha.

Ili kitu cha kompyuta kikae ndani ya picha halisi, lazima programu ijue kamera ilivyosogea. Inafanya hivyo kwa kufuata vitone vingi vilivyotulia, kona ya dirisha au jiwe au tawi, na kutokana na mwendo wa vitone hivyo inakisia mwendo wa kamera. Kazi hiyo sisi tunaiita kutraki. Sasa tazama ndani ya mashua uone kipi kimetulia. Maji hayatulii, na kila povu linazaliwa na kufa ndani ya sekunde. Vilivyotulia mbele ya kamera ni mlingoti, usukani na ubao wa ubavu. Programu ikavishika hivyo. Kwa hesabu zake, mashua ndiyo dunia, na dunia haisogei.

Nikaliweka joka mita 40 nje ya mashua. Mashua ilipolala kushoto, joka likalala kushoto. Ilipoinuka, joka likainuka. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa, na picha ilikuwa kichekesho: joka kubwa linalotembea na mashua kana kwamba limefungwa kamba kwenye mlingoti. Nilikaa siku tatu nikirekebisha vitone kabla ya kugundua kwamba kosa halikuwa kwenye vitone.

Jibu lilikuwa kwenye upeo, pale bahari inapokutana na mbingu. Mstari ule hauyumbi. Ukiona umelala ndani ya fremu, kamera ndiyo iliyolala, na ukipanda, kamera imeinama. Kwa kugeuka kushoto na kulia nilitumia kilele cha kisiwa kilichokuwa mbali. Kitu kikiwa mbali vya kutosha, kusogea kwa kamera nusu mita huku na huku hakuonekani, kinachoonekana ni kugeuka kwake tu, kwa hiyo mstari wa upeo na kilele kimoja vilitosha. Nilifuta traki zote nikaanza upya kwa namna hiyo, na joka likatulia baharini. Kulikuwa na shoti tatu ambazo tanga liliuficha upeo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hizo zilikufa.

*Ukubwa hauigizwi*

Joka sasa lilikuwa pahali pake lakini lilionekana dogo. Kila aliyeliona alisema neno lile lile: mdoli. Nililiongeza ukubwa, likawa mdoli mkubwa.

Ukubwa wa kitu ndani ya maji unasomwa na mambo mawili, kasi na matone. Kitu kinachoanguka kutoka mita 2 kinafika chini kwa karibu sekunde 0.6, na kutoka mita 50 kinachukua zaidi kidogo ya sekunde 3. Hakuna mtazamaji anayepiga hesabu hiyo, lakini macho yake yameona vitu vikianguka tangu utotoni, na maji yanayodondoka haraka kutoka mdomoni mwa joka yanamwambia kwamba huo mdomo una ukubwa wa kikombe. Matone nayo hayakui. Maji yakimwagika kutoka juu sana hayawi matone makubwa, yanapasuka kuwa vumbi. Maji yangu ya kompyuta, kwa sababu ya uwezo mdogo wa mashine, yalikuwa na matone ya ukubwa wa embe.

Kuyapunguza kulihitaji hesabu nyingi zaidi. Jaribio moja la sekunde 4 lilichukua usiku mzima, na umeme ukikatika saa tisa unaanza upya. Baada ya wiki tano nilikuwa na shoti nne za joka ninazoweza kuzivumilia.

*Kibanda cha video*

Mwongozaji aliamua turudi kijijini tukawaonyeshe wenyeji kipande cha dakika 6, kwa sababu alikuwa amewaahidi. Tulitumia kibanda kinachoonyesha mpira. Joka lilipoinuka, watoto walicheka. Hakikuwa kile kicheko cha woga kinachotokea mtu akishtuka, walicheka kwa raha, wakaomba lirudiwe.

Ni vizuri kusema hapa kwamba kicheko si adui wa efekti. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana IGG alitengeneza filamu za mapigano zenye damu na helikopta za kompyuta ambazo kila mtu anaona ni za kompyuta, na zinapendwa hadi Ulaya na Marekani. Katika filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, kuna msimulizi anayepiga kelele na kutania juu ya picha yenyewe, kwa hiyo mtazamaji na filamu wanacheka pamoja. Yetu ilitaka watu wanyamaze.

Aliyekuwa amenyamaza alikuwa mmoja tu, nahodha mzee ambaye mashua yake ndiyo tuliyoikodi. Taa zilipowashwa mwongozaji alimfuata.

"Shikamoo, babu. Umeionaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nzuri. Na yule samaki mmemtoa wapi?"

"Si samaki, babu. Ni chunusi."

Mzee alitafuta maneno kwa muda. "Chunusi hana sura. Ukishamwona sura, huyo ni samaki, utatafuta ndoana."

Mwongozaji akamuuliza, kama hana sura, watu wanajuaje kwamba yupo. Mzee akaeleza, kwa utaratibu wa mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, kwamba unakuwa unavuta upepo mzuri, bahari ina mikunjo pande zote, halafu unaona pahali pamoja pametulia. Shwari ndogo, kama mafuta yamemwagika. Ukiiona imekaa, ni mkondo au ni samaki wadogo chini, usijali. Ukiiona inakuja na upepo hauendi huko, geuza.

Uamuzi na sababu zake

Usiku ule, kwenye gari, mwongozaji alisema tulitupe joka. Nilipinga. Nilikuwa nimelipa wiki tano za maisha yangu, na nilisema kwamba mtazamaji wa mjini hatajua shwari ni nini. Akanijibu kwamba mtazamaji wa mjini hajui pia mkunga wa mita 20 ni nini, ila ameshawaona wengi kwenye filamu za watu wengine. Hapo sikuwa na la kusema. Michoro yake, aliikiri mwenyewe, ilitoka kwenye majoka aliyoyaona katika filamu za Marekani na Asia. Mimi nami nililijenga kwa kuangalia hayo hayo.

Sababu ya pili ilikuwa ya hesabu. Joka lilihitaji uzito, ngozi, mwanga wa jua juu ya ngozi iliyolowa, maji yanayotiririka na mwigizaji anayelitazama pahali sahihi. Likikosea kimoja, yote yanaonekana. Doa la shwari lilihitaji bahari mbili tu, moja yenye mawimbi na moja iliyotulia.

Uamuzi mwingine haukuandikwa popote ila naona ulikuwa mkubwa kuliko huo: mwongozaji alihamishia kiti chake kwenye meza yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nikimtumia shoti kwa simu, naye ananijibu jioni. Filamu ya Kijapani Godzilla Minus One, iliyopata tuzo ya Oscar ya efekti mwaka 2024, ilifanywa na timu ya efekti ya watu 35 kwa shoti 610, na Takashi Yamazaki aliyeiongoza ndiye pia aliyesimamia efekti zake. Kwa viwango vya Hollywood idadi hiyo ya watu ni kichekesho. Lakini anayejua anachotaka akiwa amekaa karibu na anayetengeneza, kazi ya siku tatu inakwisha kabla ya chai.

Namna tulivyoijenga shwari

Tulirudi baharini siku moja tu, na hatukwenda kupiga picha za mashua. Tulikwenda nyuma ya mwamba, maji yamekupwa, saa ile ile ya mchana ya shoti zetu, tukarekodi maji yaliyotulia kutoka kimo kile kile cha kamera. Kimo tulikipima kwa futi ya fundi: mita 1.6 kutoka usawa wa maji. Wazo la kwanza lilikuwa kurekodi alfajiri kabla upepo haujaamka, ila mzee alituuliza jua la alfajiri tutalifanya nini. Kweli. Maji yangetulia lakini mbingu ndani yake ingekuwa nyingine.

Ukijua kimo cha kamera, lenzi, na upeo uko wapi ndani ya fremu, unaweza kuitandika bahari kama mkeka bila kutraki kitone chochote cha maji. Juu ya mkeka huo nilichora doa, na ndani ya doa nikaonyesha maji ya nyuma ya mwamba. Ukingo niliuacha uchezeshwe na mawimbi halisi, kwa kutumia mwanga na giza la mawimbi yale yale kuukata.

Hapo tukajifunza mambo mawili ambayo hakuna somo la mtandaoni lililowahi kunifundisha. La kwanza ni kwamba shwari haina rangi moja. Upande usio na jua, maji yenye mikunjo huonekana meusi zaidi, kwa kuwa kila kikunjo kinachokuelekea kinakuonyesha kipande cha mbingu ya juu na maji ya chini. Maji yaliyotulia hukuonyesha mbingu ya karibu na upeo, ambayo ni nyeupe zaidi. Kwa hiyo doa linang'aa. Upande wa jua mambo yanageuka: mikunjo inametameta kwa maelfu ya vijua, na pahali palipotulia panabaki peusi. Doa letu lilikuwa lizunguke mashua. Likawa linaanza jeupe na kumalizia jeusi bila sisi kuongeza chochote, na mwongozaji alipoliona alisimama akatoka kidogo nje ya chumba.

La pili, kutoka kimo cha mita 1.6, doa lenye urefu wa mita 30 likiwa mbali linaonekana kama uzi. Mwanzoni niliona ni hasara, nikataka kuliinua kwa nguvu ili lionekane. Mwongozaji alikataa. Mtazamaji anauona uzi mweupe ambao hajui ni nini, halafu shoti inayofuata uzi umekuwa mkanda, halafu mkanda umefika ubavuni na unaonekana mpana kuliko mashua. Kwa droni tuliionyesha mara moja tu, kutoka juu: bahari yote inakwenda upande mmoja, na duara moja linakwenda upande wake.

Kuvutwa kwenyewe tulikufanya kwa mikono. Wazamiaji wawili wa kijiji walipiga mbizi na kuivuta amari, yaani kamba ya nanga, ikakaza wima kwenda chini, mashua ikainama kichwa. Mwigizaji hakuambiwa ni sekunde ngapi atasubiri. Nilichofanya mimi ni kufuta mapovu ya wazamiaji.

Povu la mwisho, mashua inapomezwa, tulilitengeneza kwa chumvi. Tulimwaga chumvi nyeupe kutoka mita 2 mbele ya shuka jeusi, tukarekodi fremu 120 kwa sekunde na kuionyesha kwa 24. Kupunguza kasi mara 5 kunafanya kimo kionekane kimekua mara 25, kwa hiyo mita 2 zinasomeka kama 50. Chembe za chumvi ni ndogo kuliko tone lolote ambalo mashine yangu ingeweza kulipigia hesabu, na haziombi umeme. Ni mbinu ya kizamani kuliko kompyuta. Gharama yake ilikuwa pakiti nane za dukani.

Matokeo

Shoti za efekti zilishuka kutoka 31 hadi 17. Wiki tano za joka zilitoa shoti nne ambazo hakuna atakayeziona. Wiki tatu za shwari zilitoa filamu. Bajeti ya efekti ilizidi kwa karibu theluthi moja, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni malipo yangu na ya kijana wangu kwa kazi iliyotupwa. Mwongozaji alilipa bila kunung'unika. Nimekuwa nikijiuliza kama ningefanya hivyo mimi.

Kijijini tuliionyesha tena, kibanda kile kile. Uzi mweupe ulipotokea, watoto hawakujua watazame wapi. Watu wazima waliuona kwanza. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Geuza, geuza," kwa sauti ya chini, akimwambia mwigizaji. Mjini, kwa watazamaji wasiotoka pwani, matokeo yalikuwa hafifu zaidi: karibu nusu ya niliozungumza nao hawakuuelewa uzi hadi mashua ilipoinama. Hoja yangu ya kwenye gari haikuwa ya kipuuzi kabisa. Tuliongeza sentensi moja ya bibi mwanzoni mwa filamu, inayoitaja shwari, na hali ikawa nafuu.

Uchambuzi

Mtu yeyote aliyesoma kidogo habari za filamu, akifika hapa, atamkumbuka papa wa filamu ya Jaws ya mwaka 1975. Mashine ya papa iliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, mwongozaji wake Spielberg akalazimika kumficha, na kule kuficha kukawatisha watu zaidi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba kisa chetu ni hicho hicho. Sikubali. Papa yule alikuwa na sura, na mtazamaji aliijua, ndiyo maana pezi moja lilitosha kumtisha. Chunusi hana sura ya kufichwa. Tungemficha joka, tungekuwa na joka lililofichwa, na watoto wangesubiri litoke ili wacheke. Tulichofanya ni kubadili swali kutoka "tumwonyeshe kiasi gani" hadi "anayemwogopa huwa anaona nini hasa". Swali hilo lilikuwa na jibu tayari, kwa mtu tuliyekuwa tunamlipa kodi ya mashua, na tulimuuliza mwezi wa tatu badala ya siku ya kwanza. Hilo ndilo kosa ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote, na halihusiani na kompyuta.

Kosa la kitambaa lingezuilika kwa kutembea ufukweni saa moja kabla ya kuandika orodha ya vifaa. Upepo, rangi ya wavu, ratiba ya maji kujaa na kupwa: vyote vilikuwa wazi. Ningepima pia kamera yetu nyumbani kwa kukata kijani nyuma ya wavu wowote, na ningejua siku hiyo hiyo kwamba haiwezi.

Kosa la kutraki ni la aina nyingine, na sijilaumu sana. Programu ilifanya nilichoiambia. Mafunzo yote niliyopitia yalitumia barabara na vyumba, pahali ambapo dunia imetulia na kamera ndiyo inayosogea. Anayefanyia kazi bahari, mto wenye kasi, au hata shamba la mpunga lenye upepo, aanze kwa kutafuta kilichotulia kweli, na akikikosa alazimishe kamera ikae nchi kavu. Tangu wakati huo kwenye kila kazi ya maji napima kimo cha kamera na kuhakikisha upeo hautoki ndani ya fremu, hata kama ni kwa kona tu.

Shwari ilifanya kazi kwa sehemu kwa sababu ilitengenezwa na bahari. Mwanga wake ulikuwa sahihi kwa kuwa ulirekodiwa chini ya jua lile lile. Kompyuta ilishona tu. Ila nisije nikaeleweka kwamba joka haliwezekani kwa pesa zetu. Linawezekana usiku, kwenye mvua, au ndani ya ukungu, kwa mtu mwenye miezi na siyo wiki. Mimi nililipeleka mchana kweupe, kwenye maji, mbele ya watu wanaoyajua maji kuliko mimi.

Na kuna shoti moja iliyobaki ambayo hatujaafikiana. Karibu na mwisho, ndani ya shwari, mkono wa ndugu mdogo unainuka kutoka majini kwa sekunde 2. Mkono ni wa kweli, ila maji yanayouzunguka ni ya kompyuta, na yana yale matone ya embe. Kila tunapoionyesha filamu kuna mtu anayecheka hapo. Nimetengeneza toleo lisilo na mkono, nikamtumia mwongozaji mara mbili. Anasema bila mkono, kaka hana sababu ya kuruka. Nami namwambia shwari ndiyo sababu. Toleo linalozunguka sasa lina mkono.